Jicho la Kuchambua

Kuchambua mbegu ya maharage ni kazi isiyotaka haraka, na aliyeizoea huifanya huku akizungumza mambo mengine kabisa. Ungo uko mapajani, maharage yamerundikwa upande wa mbali, na vidole vinavuta punje kuelekea kifuani, mara moja moja, mara tatu kwa pamoja. Iliyosinyaa inakwenda kwa kuku. Iliyotobolewa na fukusi inatupwa. Yenye doa la kahawia lililodidimia kwenye ganda, hata ikiwa nono kuliko zote, inakwenda chunguni leo hii pamoja na zilizovunjika. Punje yenye rangi isiyojulikana, iliyojitokeza msimu huu bila mtu kuipanda, haitupwi wala haipikwi. Inafungwa kwenye pindo la kanga hadi itakapoamuliwa. Apitaye mlangoni atadhani chakula cha jioni kinaandaliwa. Hapo linaamuliwa shamba la mwakani.

Kazi hii haina cheti wala kilinge, na nadhani ndiyo sababu hatuioni. Mfua vyuma anaitwa fundi. Seremala anaitwa fundi, hata yule ambaye milango yake haifungi. Mwanamke anayetunza aina tano za maharage, tatu za kunde na mbili za mbaazi, akajua tabia ya kila moja na siku zake za kuiva, anaandikwa kwenye daftari la kijiji kuwa ni mkulima mdogo, basi. Wakija wageni kuuliza habari za mbegu, mara nyingi wanaelekezwa kwa mumewe.

Ninavyoona mimi, wingi wa aina za mikunde katika vijiji vya Kilosa na Mikumi hautokani na maendeleo kuchelewa kufika. Unatengenezwa kwa mikono, upya, kila mwaka, na ukiachwa misimu miwili mitatu unakwisha.

Nchi yenyewe inaudai wingi huo. Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imelala kati ya mbuga ya Mkata na milima ya Ukaguru na Rubeho. Kilosa mjini, ambako reli ya kati inapita, joto halikuachi hata usiku. Vilele vya Ukaguru vinapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko asubuhi mtu hutoka nje amejitanda blanketi. Kusini, barabara kuu iendayo Iringa inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha inafika mji mdogo wa Mikumi, na upande wa pili milima ya Vidunda inapanda. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wamelima miteremko hii vizazi na vizazi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yakavuta vibarua kutoka mbali, na mtu ahamiapo na mkewe hasahau mbegu.

Ni nchi ya mvua zisizoaminika. Vuli inaweza kuja wiki mbili ikakatika. Masika inaweza kuchelewa, kisha ikaja yote kwa mkupuo. Udongo wa miteremko ni mwembamba, wa bondeni hutuama maji, na walio karibu na hifadhi wana wageni wengine: tembo, ngedere, nguruwe pori. Mbolea ya dukani ni ghali. Wataalamu huyaita maeneo kama haya ya pembezoni, ingawa aliyezaliwa hapo hajioni yuko pembeni ya chochote.

Sasa maharage hayapendi joto. Mchana ukizidi nyuzi 30 na usiku usipopoa, chavua hufa na maua hupukutika. Unabaki na majani mazuri yasiyo na kitu. Kwa hiyo maharage ni zao la juu, na chini mbugani zinatawala kunde, choroko, mbaazi na fiwi. Katikati, kwenye vilima vya chini na mabonde yanayoingia milimani, kuna ukanda ambao hauko upande wowote. Mwaka mmoja maharage yatakubali, mwaka unaofuata yatakataa. Aishiye huko hawezi kutegemea mbegu moja, wala hata zao moja. Lazima awe na maharage ya kupanda mvua ikiwa ya kutosha, kunde za kupanda ikichelewa, na mbaazi zilizokwisha kushika mizizi zisizojali sana. Mbegu hizo za maharage na kunde lazima ziwe ndani ya nyumba kabla wingu la kwanza halijatanda, kwa sababu mvua ikishaanza hakuna muda wa kwenda kutafuta.

Inafaa kukumbuka kuwa maharage ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na yalianza kulimwa huko mara mbili, na watu wasiojuana: upande wa Meksiko, na upande wa milima ya Andes, kusini zaidi. Koo hizo mbili zilikuwa zimeachana porini muda mrefu kabla binadamu hajazigusa. Miaka ya 1980 mtafiti Paul Gepts na wenzake walizitambua kwa kuchunguza protini ya punje iitwayo faseolini: kila ukoo una namna yake. Za Andes kwa kawaida ni punje kubwa. Za Meksiko na Amerika ya Kati ni ndogo. Kuanzia karne ya 16, kwa vyombo vya Wareno, maharage yakafika pwani yetu na kupenya bara. Leo Afrika mashariki inahesabiwa kuwa nyumba ya pili ya zao hili kwa wingi wa aina. Koo zote mbili zimo, na zinaweza kukutana ndani ya ungo mmoja, punje kubwa ya zambarau yenye madoadoa karibu na punje ndogo nyeusi inayong'aa, bila anayezichambua kuambiwa na mtu yeyote kwamba ni ndugu waliopoteana.

Zaidi ya miaka 400, basi, na hakuna jina hata moja la mtu aliyefanya kazi hiyo lililoandikwa popote.

Siri ya kwanza inayoiwezesha kazi hii ni tabia ya ua la maharage. Hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri. Viungo vya kiume na vya kike vinakaa pamoja ndani ya kifuko kilichojikunja, na mambo yanakwisha humo humo. Kwa hiyo punje nyekundu huzaa nyekundu, ya njano huzaa njano, hata zikipandwa shimo moja. Ndiyo maana mkulima wa maharage anaweza kupanda mchanganyiko na kuvuna mchanganyiko, mwaka hadi mwaka, bila aina zake kuyeyuka na kuwa kitu kimoja. Mwenye mahindi hana bahati hiyo: mahindi yake yanachavushwa na upepo, na akiweka mengine karibu, watoto watafanana na jirani.

Lakini mara moja moja nyuki mkubwa hulazimisha mlango wa ua la maharage na kupita na chavua ya shamba zima. Hapo ndipo inapoanzia ile punje iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Ni chotara. Watoto wake hawatafanana naye, wala wao kwa wao; watatawanyika rangi na tabia kwa vizazi kadhaa kabla hawajatulia. Anayeipanda pembeni ya kitalu cha mboga, akaitazama, akachagua tena katika watoto wake, na tena katika wajukuu, anafanya kazi ile ile anayoifanya mtafiti mwenye koleo na lebo, tofauti ikiwa kwamba mtafiti ndiye aliyechagua wazazi. Nyingi kati ya punje hizo hazifai. Moja ikifaa, inapata jina.

Siri ya pili ni ngumu zaidi, na hapa ndipo heshima yangu inapozidi. Mchanganyiko haukai ulivyo. Shamba lina upendeleo wake. Aina inayozaa sana, au inayotambaa na kuwafunika wenzake, hurudi nyumbani nyingi kuliko ilivyotoka. Dhaifu hurudi chache. Ukichukua tu ulichovuna ukapanda, baada ya misimu kadhaa aina moja imemeza nyingine. Kwa hiyo anayejua huingilia kati. Huzitenga rangi baada ya kuvuna, kila moja kwenye chupa au kitambaa chake, kisha karibu na kupanda huuchanganya upya mchanganyiko kwa mkono: kiganja cha hii, viganja vitatu vya ile, kikombe cha hii inayowahi kuiva. Anaongeza kile ambacho shamba lilipunguza. Ukimuuliza kwa nini anaihangaikia aina isiyozaa vizuri, jibu litakuja kutoka upande usioutarajia: inaiva haraka jikoni, inafaa kuwapa watoto, au ndiyo inayowahi wakati ghala limebaki vumbi na mahindi bado mabichi.

Wasomi waliochunguza michanganyiko ya maharage katika nchi za Maziwa Makuu waliona faida zake kwa macho yao. Ugonjwa kama ndui ya maharage au kutu ukifika kwenye mmea unaouweza, huenda jirani yake ukakuta mmea usiouweza, na mwendo wake unapungua. Aina zinazopishana siku za kutoa maua hazikutwi zote na jua moja. Hata rangi ina kazi. Zile kemikali zinazolipa ganda wekundu au weusi huisaidia punje kupambana na ukungu wa udongo uliolowa, na punje nyeupe, laini na tamu, mara nyingi huoza mapema ikikutana na ardhi chepechepe. Mama anayesema nyeupe zipandwe mvua ikishatulia na nyeusi zitangulie hana haja ya kujua kemia. Kemia iko upande wake.

Kunde ni habari nyingine, maana kunde ni mwenyeji. Ni zao la Afrika tangu mwanzo. Mabaki ya kale yaliyopatikana Ghana yana umri wa miaka kama 3,500, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kuwa kunde za magharibi na kunde za upande wetu wa mashariki na kusini ni koo mbili. Ndugu zao wa porini bado wanamea barani humu: wembamba, punje ndogo, ganda gumu, maganda yanayojipasua jua likipamba moto na kurusha mbegu mbali. Kila tofauti kati ya kunde pori na kunde ya nyumbani ni alama ya mkono wa mtu. Aliyechuma maganda yaliyokataa kupasuka, akayapanda, alikuwa fundi wa kwanza.

Kwenye kunde uchambuzi unaanzia kwenye majani. Kuna kunde za kutambaa, zinazochumwa majani wiki baada ya wiki kabla hazijafikiria kuzaa, na kuna kunde za kusimama, zinazokimbilia punje. Mwenye nyumba yenye watoto anataka zote mbili, tena anataka zile za majani yasiyokuwa magumu yakipikwa kwa karanga. Kwa hiyo shamba lake la kunde lina miguu miwili, na wakati wa kuchagua mbegu hawezi kutazama punje peke yake, kwa sababu punje haisemi mmea wake ulikuwaje. Lazima akumbuke. Au aache mistari fulani bila kuchumwa majani, iwe ya mbegu, na awagombeze watoto watakaoigusa.

Mbaazi zinataka jicho la namna nyingine tena. Ua la mbaazi liko wazi kwa nyuki, na chavua huzunguka. Ukipanda aina fupi ya mapema karibu na ile ndefu inayokaa shambani hadi mwaka wa pili, watoto watachanganyika upende usipende. Hapa kuchambua punje kwenye ungo ni kuchelewa. Anayejua huchagua mti ukiwa bado umesimama: ule uliobeba maganda hadi chini, usionyauka, ulio katikati ya wenzake wa aina moja mbali na mpaka wa jirani. 

Turudi kwenye maharage, maana mbegu iliyochambuliwa bado haijafika msimu ujao. Kati ya mavuno na kupanda kuna miezi ya joto, na adui wawili: unyevu na fukusi.

Unyevu unashughulikiwa kwa jua na jino. Maganda huchumwa yakiwa yamekauka lakini hayajaachwa muda mrefu shambani, hupurwa taratibu punje zisipasuke, hupepetwa, kisha punje huanikwa kwenye mkeka. Kipimo ni kuing'ata moja. Jino likiingia, bado. Ikipasuka kwa mlio, tayari. Wengine hutia punje ndani ya chupa kavu pamoja na chumvi kavu na kutikisa. Chumvi ikiganda ukutani, punje bado zina maji. Kuna kanuni ya zamani ya watunza mbegu, ya Mmarekani James Harrington, kwamba kila unyevu ukipungua kwa asilimia 1 umri wa mbegu huongezeka mara mbili, na kila joto likipungua kwa nyuzi 5 huongezeka mara mbili tena. Kijijini Kilosa hakuna namna ya kupunguza joto. Kwa hiyo mzigo wote unaangukia ukavu, na ule mng'ato wa jino ndio maabara.

Fukusi ana ujanja. Yule wa maharage wa kawaida huanza kazi shambani, hutaga ndani ya maganda yanayokauka, ndiyo sababu mbegu isiachwe nje hadi wadudu wamekwisha kuihesabu. Yule mwingine anayependa nchi za chini zenye joto hugandisha mayai yake juu ya ganda la punje, na ukitazama vizuri utayaona, vidoa vyeupe kama chumvi. Majivu ya kuni yaliyochekechwa huziba nafasi kati ya punje, hukwaruza ngozi ya nta ya mdudu na kumkausha. Mafuta kidogo ya kula, yakipakwa kila punje, huyaziba mayai pumzi. Moshi wa jiko unaopita darini, pale kibuyu kilipotundikwa, hukausha na kufukuza. Na kuna hili linalonifurahisha kuliko yote: mwaka 1991 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kuvingirisha tu chombo chenye maharage mara chache kwa siku huwaua fukusi wengi mno, kwa sababu kiluwiluwi anahitaji karibu siku nzima kujiegemeza kati ya punje mbili na kutoboa tundu; ukimsukuma kabla hajamaliza, anaanza upya mpaka nguvu zinamwishia. Kibuyu kilichotundikwa mahali ambapo kila apitaye anakigonga kwa bega hakijawekwa vibaya.

Siku hizi kuna mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, isiyopitisha hewa, na ni mizuri kweli. Lakini imetengenezwa kwa gunia. Mtu mwenye nusu kilo ya aina saba anataka chupa saba za maji zilizokaushwa vizuri, zikajazwa hadi shingoni, zikafungwa kwa nguvu. Chupa hizo zipo, zinaokotwa stendi ya Mikumi kila siku.

Kuhusu kinachoifanya aina istahili kutunzwa, watu wa mjini huuliza juu ya mavuno kwanza. Jikoni orodha ni ndefu na mavuno yako katikati yake. Je, yanaiva kwa kuni kiasi gani? Mchuzi wake ni mzito au maji matupu? Yakilala hadi asubuhi yanachacha? Yanajaza gesi tumboni? Rangi ya mchuzi inaufanya ugali uonekane mchafu? Kablanketi, yale maharage ya zambarau yenye madoa yanayosifika toka nyanda za juu kusini, hayapendwi kwa kuzaa sana. Yanapendwa kwa utamu, na watu huyalipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Rwanda, Louise Sperling na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowashangaza wengi: waliwaalika wanawake wajuzi wa maharage waingie kituo cha utafiti, wapite mistarini na kuchagua wenyewe aina za kwenda nazo nyumbani. Chaguo la wanawake lilifanya vizuri mashambani kuliko chaguo la wataalamu. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hilo lilihitaji kuthibitishwa.

Mbegu haiishi nyumba moja. Hata fundi mwenye mkono mzuri huunguliwa nyumba, huugua mwaka mzima, hufiwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, maelfu wakahama, reli ikakatika. Na mtu aliyelazimika kupanda juu ya paa hakushuka na vibuyu. Aina iliyozama nyumba moja ikiwa bado ipo nyumba nyingine, haijapotea. Kwa hiyo kugawa ni sehemu ya kutunza, na ina adabu yake. Mazungumzo huenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu ukae.”

“Nimekuja kwako na shida. Mbegu zangu zimeliwa.”

“Zote?”

“Zote, mama. Hata zile nyeusi.”

“Uliziweka majivu?”

Hapo kuna ukimya kidogo, na mwenye shida hutazama miguu yake. Kisha mwenye mbegu huinuka, huingia ndani, na hutoka na kikombe kilichojaa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Si uchoyo. Anayepewa kikombe hupanda kwa uangalifu. Anayepewa debe hupika nusu. Baada ya mavuno kikombe kinarudi, na kawaida hakirudi sawa na kilivyotoka.

Anayetishia mpango huu wa kutunza na kugawa siku hizi si fukusi. Ni mizani ya mnunuzi. Mnunuzi anayepeleka gunia Dar es Salaam anataka rangi moja, kwa kuwa mpishi wa mjini anataka sufuria iive kwa pamoja, na kwa hilo simlaumu mpishi. Mchanganyiko unalipwa bei ya chini. Kwa hiyo shamba la kuuza linapandwa aina moja, na mchanganyiko unasogezwa kwenye kipande kidogo karibu na nyumba, kisha kwenye ukingo wa kipande hicho. Kutegemea zao moja la kuuza nako kuna yake: Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwake, wakulima wetu waliokuwa wamezidisha mbaazi walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Waliokuwa na kunde na maharage pembeni walikula.

Sheria nayo ina macho ya aina moja. Chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, mbegu ya dukani hukaguliwa na TOSCI, taasisi yenye makao yake Morogoro, na sifa kuu inayotafutwa ni kufanana: kila mmea uwe kama mwenzake. Ni sifa nzuri kwa mnunuzi anayetaka kujua ananunua nini, na mbegu za kuazimiwa ubora zimewawezesha wakulima wengi kuzalisha na kuuza mbegu za aina zilizosajiliwa bila gharama za kampuni kubwa. Lakini mchanganyiko wenye akili hauna mahali pa kukaa kwenye fomu hiyo. Nguvu yake ni kutofanana.

Sisemi haya kuwapinga watafiti. Kilometa chache kutoka Kilosa mjini kipo kituo cha Ilonga, ambako zimetoka kunde za Tumaini, Fahari na Vuli-1, choroko za Nuru na Imara, na mbaazi za Mali na Tumia. Mkulima wa mbugani angekuwa maskini zaidi bila hizo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitoa maharage ya SUA 90 na baadaye Rojo. Chuo hicho hicho, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kimefanya kazi ambayo inanirudisha kwenye ungo: kutafuta maharage yasiyoliwa na fukusi. Ukinzani huo haukupatikana kwenye aina yoyote maarufu. Ulipatikana kwa maharage ya porini ya Meksiko na kwa binamu yao, zao la jangwani liitwalo tepari, mimea ambayo mtu yeyote mwenye kutazama mavuno angeipita. Ilikuwepo kwa sababu kuna aliyeona haifai kutupwa. Huko Palmira, Colombia, ghala la kituo cha utafiti cha CIAT linatunza sampuli zaidi ya 37,000 za maharage kwenye baridi, na ni hazina. Ila punje iliyolala kwenye baridi haijifunzi kitu. Mvua za Kilosa za miaka hii haijazionja.

Kinachonivutia ni jinsi ungo unavyoipokea hata mbegu ya kituoni. Inafika kijijini na jina lake la kiserikali, labda kilo mbili kutoka kwenye maonyesho ya Nanenane. Msimu wa kwanza inapandwa peke yake, mstari mmoja, karibu na njia ili ionekane. Inapikwa. Inalazwa hadi asubuhi. Msimu wa pili inachanganywa kidogo na nyingine, jirani anaomba kikombe, na jina la kiserikali linapotea njiani. Linabaki jina la rangi, au la mtu aliyeileta. Afisa ugani akirudi baada ya miaka kadhaa na kuuliza hii ni aina gani, huambiwa ni ya kienyeji, na kwa wakati huo anayejibu hadanganyi. Imechambuliwa, imetikiswa kibuyuni, imepunguzwa ilipozidi na kuongezwa ilipopungua, na punje mbili tatu zilizobadilika rangi ziko kwenye chupa ndogo zikisubiri vuli.